Nimechora Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani kwa rangi za maji, karibuni mkosoe ila kwanza tuongee kuhusu haya machweo ya chungwa

Brashi Kavu:
Wakuu heshima kwenu wote. Niko Lindi hapa, wanaonifahamu humu wananifahamu kwa michoro ya mashua na wachuuzi wa samaki, leo nimeleta kitu kingine. Ni Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, rangi za maji, karatasi ya pamba ya gramu 300, sentimita 56 kwa 38. Picha nimeipandisha hapo chini, nimepiga na simu kivulini kwa hiyo rangi zinakaribiana sana na zenyewe, anayeona bluu imezidi basi alaumu kioo cha simu yake.

Sasa kabla hamjaanza naomba nitoe kinachonikera. Nenda duka lolote la vinyago, fungua kalenda yoyote yenye Kilwa, utakuta ni ileile: mbingu ya chungwa, matao meusi tii, jahazi linapita kwa nyuma, na jiwe lote la kahawia kama limekaangwa. Mtu ambaye hajawahi kuvuka pale Masoko ataamini Kilwa hakunaga asubuhi. Na lile jiwe sio la kahawia jamani, ni matumbawe, likishanyeshewa miaka na miaka linakuwa kijivu, kuna sehemu limeota kuvu la kijani na michirizi myeusi pale maji ya masika yanaposhukia, alafu kuna sehemu lipu ya chokaa bado imeng'ang'ania na hapo ni peupe mpaka macho yanauma ikifika saa sita. Enzi zake kuta zilipigwa lipu ya chokaa, sasa huo ukahawia tumeutoa wapi?

Mimi nimechora saa nne asubuhi, mwezi wa sita, nimekaa upande wa mashariki jua liko nyuma ya bega la kulia. Kushoto mbuyu, katikati msikiti na makuba yaliyobaki, kulia kamstari ka mikoko na bahari. Ukuta ule unaopigwa na jua sijaupaka kitu. Narudia, sijaupaka kitu, ni karatasi. Kwenye rangi za maji mwanga hauupaki, unauacha, na ndio maana naamini jengo la chokaa na rangi za maji vilizaliwa mtaa mmoja.

Karibuni.

Pweza Mkavu:
Nimekaa siti ya mbele. Wapiga ramli wa sanaa wako wapi leo

kuchele_tu:
Mkuu kazi nzuri ila naona hujamalizia, ule ukuta wa katikati umeuacha wazi kabisa

Pweza Mkavu:
😂😂😂 kuna watu wanasoma kichwa cha uzi wanashuka kwenye picha

Brashi Kavu:
Kuchele ndugu yangu, soma tena aya ya mwisho taratibu.

Ila swali lako lina maana ngoja niliongezee nyama. Kwenye rangi za mafuta ukitaka weupe unachukua rangi nyeupe unapaka juu. Kwenye rangi za maji rangi yenyewe ni unga uliochanganywa na gundi ya mgunga, inapita mwanga, mwanga unaingia mpaka kwenye karatasi unarudi kwenye jicho. Ukiweka rangi tabaka tatu nne mwanga unachoka na pale panakuwa tope. Kwa hiyo sehemu yenye mwanga mwingi kuliko zote unatakiwa uiamue kabla hujagusa maji, na ukishaipaka kwa bahati mbaya ndo basi tena, hakuna kufuta. Ukuta ule usingeonekana mweupe kama nisingeweka kivuli cha chini ya matao na ule mbuyu kando yake. Funika mbuyu na kidole uone, ukuta unazimika.

kuchele_tu:
Nimefunika. Daah. Kweli aisee umezimika

Korosho Daraja la Kwanza:
Mi nitakuwa tofauti na wengi hapa na naomba nisitukanwe. Mchoro ni mzuri, mkono unao, ila mbona kila mchoraji wa kwetu akienda Kilwa anarudi na gofu? Paa limetoboka, ukuta umeng'oka, nyasi ndani ya msikiti. Babu zetu hawakujenga gofu, walijenga msikiti mzima, watu walisali humo, mji ulikuwa na hela, dhahabu ya Sofala inapita mikononi mwao, walipiga sarafu zao wenyewe. Wageni wanapenda magofu kwa sababu gofu linawaambia hawa watu walikuwa zamani sasa hawapo. Wewe mwenzetu una brashi na una akili, unashindwa nini kurudisha lile paa? Rudisha kuba, paka chokaa, weka mazulia, tuone kitu ambacho Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alikikuta pale mwaka 1331 akausifia mji na sultani wake. Hiyo ndo kazi ya msanii, mpiga picha wa simu anaweza kunipa gofu bure.

Binti wa Mikindani:
Hii hoja nzito. Nasubiri jibu

ustaadh_wa_mtaa:
Korosho amesema kitu ambacho na mimi huwa kinanikaa moyoni. Ila pia sipendi msikiti upambwe vya uongo.

Brashi Kavu:
Korosho nakuheshimu sana na hujatukana mtu kwa hiyo na mimi nitajibu vizuri.

Nirudishe paa, sawa. Paa lipi?

Maana ule msikiti sio mmoja. Sehemu ya kaskazini, ile ndogo, ndio ya kale zaidi, karne ya 11 au ya 12, ilikuwa na paa bapa limeshikwa na nguzo tisa, hakuna kuba hata moja. Alafu mwanzoni mwa karne ya 14 akaja Sultani al-Hasan bin Sulaiman, huyuhuyu aliyejenga lile kasri la Husuni Kubwa na ndiye Ibn Battuta alimkuta na kumsifia ukarimu, akaongeza sehemu kubwa ya kusini na kuba kubwa. Baadae sehemu kubwa ya kazi ile ikaanguka, ikakaa hivyo, ikaja kujengwa upya karne ya 15 kwa zile nguzo za pembe nane na makuba tunayoyaona mabaki yake leo. Umeona? Hata babu zetu wenyewe walikaa na gofu pale katikati, wakapita kando yake kwenda sokoni, mpaka mwingine akapata uwezo akalijenga. Ukinambia nichore msikiti mzima inabidi nichague sultani, na nikichagua mmoja nimewafuta wengine. Gofu lina wote watatu kwa mpigo.

La pili. Mtu anayerudisha jengo kwa kichwa chake hurudisha la kwao. Kuna mchoro wa Kilwa ulichapishwa Cologne huko Ujerumani mwaka 1572, mji umechorwa umejaa minara minara kama miji ya kwao wakati misikiti ya zamani ya huku kwetu haikuwa na hiyo minara. Aliyechora alijaza alichokizoea. Na mimi nikibuni paa nitajaza nilichokizoea, pengine nitaishia kuchora msikiti wa mtaani kwetu wenye tailizi.

La tatu ni la mkono tu. Lile tundu la paa ndilo linaloingiza jua ndani. Angalia mlango wa pili kutoka kushoto, kuna giza, alafu kuna kipande cha mwanga sakafuni, alafu giza tena. Jicho linaingia ndani kwa sababu ya kile kipande. Ukiziba tundu nina ukuta wenye mashimo meusi.

Korosho Daraja la Kwanza:
La kwanza umenigusa, la pili nakubali nusu, la tatu ni ujanja wa wachoraji. Unautetea mwanga badala ya kuutetea msikiti.

Brashi Kavu:
😄 mwanga ndio mshahara wangu

Mwana Kivinje:
Vijana hamjambo. Naona mnaongea chokaa na hakuna aliyechoma chokaa, ngoja niwape kidogo. Mimi nimekaa na mafundi wa chokaa toka utotoni. Unapanga magogo duara, marefu kwa nje mafupi ndani, unapandisha mpaka kimo cha mtu, juu unamwaga mawe ya matumbawe, unatia moto kutokea katikati. Linawaka usiku kucha na kinachobaki ni mlima mweupe, unaumwagia maji unachemka wenyewe, unaachwa upoe. Mafundi wa zamani hawakuitumia chokaa ikiwa changa, iliachwa ikae muda mrefu ndio inashika. Jiwe la ukutani ni la mwamba wa nchi kavu, lile gumu, lakini la kuchonga kibla na miimo ya milango lilitolewa baharini likiwa bichi, linachongeka kwa urahisi, likikaa hewani linakuwa gumu. Ndio maana zile nakshi zimebaki.

Sasa wewe mchoraji. Ukuta wa chokaa hauwi mweupe kama karatasi ya duka. Una manjano kidogo ndani yake na saa nne asubuhi karibu na chini unapokea wekundu wa udongo. Umeuona huo?

Brashi Kavu:
Shikamoo mzee wangu.

Umeona mbali sana. Kabla ya vyote nilipitisha maji yenye manjano ya udongo kidogo mno kwenye karatasi nzima, manjano ambayo ukiiweka peke yake huioni, ikakauka kabisa ndo nikaanza kazi. Na pale chini ya ukuta kuna wekundu wa siena, simu imeula wote. Ukija Lindi nitakuonyesha yenyewe.

Mwana Kivinje:
Marahaba. Basi una macho. Na vile vikombe umeviweka?

kuchele_tu:
Vikombe gani tena mzee, msikitini kuna vikombe?

Mwana Kivinje:
Vyombo vya Kichina, mabakuli, walikuwa wanayapachika kwenye makuba kwa ndani yawe pambo. Bidhaa za Kichina zilifika pale kwa biashara ya baharini zamani mno kabla hata Mreno hajaja na mizinga yake mwaka 1505. Yaliyobaki pale leo ni mashimo ya duara, vyombo vimekwenda na waliokwenda navyo.

Pweza Mkavu:
Kwa hiyo vitu vya China tumeanza kununua karne zile, alafu mnasema Kariakoo imeleta mambo mapya

Brashi Kavu:
Mzee vikombe viko ndani ya kuba na mimi niko nje kwa hiyo havionekani, ila nina mchoro mdogo wa ndani nitauleta, nimeyachora yale mashimo tu.

ustaadh_wa_mtaa:
Nikuulize Brashi, naona hujaweka binadamu hata mmoja. Uliogopa hukumu?

Brashi Kavu:
Ustaadh sio kuogopa, ni kuheshimu mahali. Michoro yangu ya sokoni ina watu. Hapa nikaona mbele ya msikiti niache. Ila wewe ndio msomi, tuambie.

ustaadh_wa_mtaa:
Majengo, miti, bahari, milima, vitu visivyo na roho, sijasikia mwenye neno navyo. Viumbe wenye roho ndipo wanazuoni wana maneno marefu na sio uzi wa leo. Mimi nilichokipenda ni kwamba kibla umeiacha mahali pake. Nimeona mchoro mmoja wa Kilwa mtu kageuza ubavu ili bahari ikae kushoto, kibla ikaangalia kwingine kabisa. Mtu wa huku akiona anajua.

Brashi Kavu:
Hapo umegusa kitu ambacho wachoraji wageni hawakijui na sisi tumezaliwa nacho. Huku pwani yetu Maka iko kaskazini kwa hiyo kibla ni ukuta wa kaskazini. Kilwa iko kusini ya ikweta nyuzi 9 hivi. Mwezi wa sita jua la mchana linakaa kaskazini yetu, kwa hiyo ukuta wa kibla kwa nje unapata jua lote. Mwezi wa 12 jua limehamia kusini, ule ukuta uko kivulini kutwa na kinachowaka ni upande wa pili. Yani huo msikiti una sura mbili kwa mwaka, na mtu anayekuja wiki ya sikukuu za mwisho wa mwaka kupiga picha zake anaondoka na moja tu. Mimi nilitaka ile ya kusi, hewa kavu, anga limesafishwa na upepo, vivuli vina makali.

Kijana wa Mtandi:
Nyie watu wa pwani kila siku Kilwa Kilwa. Na sisi Masasi je? Kanisa la Anglikana pale Mtandi mbona hakuna anayelichora, lina jiwe na nyuma yake kuna miamba ya kufa mtu. Misheni ile Askofu Steere aliianzisha 1876 na watu waliokombolewa utumwani waliotoka Unguja, hiyo nayo sio historia?

Korosho Daraja la Kwanza:
Ni historia mkuu, tena kabla ya barabara watu walitembea kwa miguu toka Lindi mpaka huko

Brashi Kavu:
Kijana nakuunga mkono asilimia mia. Masasi ina shida moja kwa mchoraji nayo ni ile miamba. Ni mikubwa mno, ukiichora kwa uzito wake kanisa linageuka kibanda. Pwani jengo linatawala kwa sababu nyuma yake kuna bahari iliyolala. Kule inabidi miamba uipake ikiwa karatasi bado mbichi iwe laini kingo zake ziyeyuke, alafu kanisa ulipake kavu lenye kingo kali, jicho lijue nani mwenyeji. Ningekuja mwezi wa tano baada ya mvua, nyasi bado ndefu. Nipe mwenyeji tu.

Kijana wa Mtandi:
Mwenyeji ni mimi, ugali na kisamvu vipo

Pweza Mkavu:
Na Ndanda je? Abasia ile sio mchezo

Kijana wa Mtandi:
Ndanda ni 1906, baada ya Majimaji kuzichoma misheni za Nyangao na Lukuledi mwaka 1905. Kwa umri sisi kaka zao 😎

Binti wa Mikindani:
Kaka Brashi naomba nirudi kwenye ufundi maana na mimi nachora, nachora Mikindani pale misikiti ya zamani na zile nyumba za vibaraza. Nina matatizo matatu. Kwanza nikipaka anga kwa upepo wa kusi linakauka kabla sijafika nusu, linabaki na mistari. Pili michoro yangu ya mwaka juzi imeota madoa ya kahawia. Tatu kuna mtu kanambia nitumie maji ya bahari eti yanatoa michanganyiko mizuri. Unasemaje

Brashi Kavu:
Dada hayo maswali ungeyaleta toka mwanzo tusingegombania paa.

Anga: loweka karatasi pande zote mbili, ilaze juu ya kibao kisichonyonya maji, kipande cha plastiki kinafaa, unyevu wa chini unaishikilia karatasi isikauke haraka hata upepo ukivuma. Brashi iwe kubwa kuliko unavyodhani, watu wa huku tunapaka mbingu na brashi za kuandikia barua. Changanya rangi nyingi kabla, ukiishiwa katikati ukaenda kuchanganya nyingine ukirudi mstari umeshakaa. Na usikae uso kwa upepo, ukae nyuma ya ukuta, Mikindani kuta za kujificha zimejaa.

Madoa ni unyevu wa pwani na aina ya karatasi. Karatasi za bei rahisi za mbao zina asidi, zinakuwa za manjano na kuota madoa. Chukua ya pamba hata kama utanunua moja kwa mwezi ukaikata vipande vinne. Ukiweka fremu usiache kioo kigusane na karatasi, weka kadi nene pembeni iinue kioo, hewa ipite, na usitundike kwenye ukuta wa nje wa nyumba ya mawe maana ukuta ule unanyonya unyevu na kuutoa. Jua la moja kwa moja nalo hapana, kuna nyekundu zinapauka mpaka unakuta machweo yako yamebaki ya kijivu, jambo ambalo kwa hao wachoraji wa kalenda ingekuwa haki yao.

Maji ya bahari achana nayo. Chumvi inatoa maua maua mazuri siku hiyo, kweli, ila inabaki ndani ya karatasi na chumvi inaita maji. Masika yakija mchoro unatoka jasho. Beba chupa ya maji ya kunywa.

Na kingine kwa ajili ya mawe ya zamani, changanya bluu ya altramarini na siena ya kuchoma. Inatoka kijivu ambayo chembe zake zinashuka na kutulia kwenye vishimo vya karatasi, zinaacha chenga chenga. Huhitaji kuchora kila tundu la tumbawe, rangi inakuchorea. Alafu ukimaliza pita brashi iliyokaushwa kwa ubavu juu ya ukuta kidogo tu. Jina langu humu limetoka hapo.

Binti wa Mikindani:
Asante kaka, nimekopi yote nimehifadhi. Alafu naomba nitoe dukuduku, kuna nyumba moja ya wageni walikuja wakaangalia mchoro wangu wa msikiti, wakasema watarudi, kumbe walipiga picha na simu. Nimekuja kuuona kwenye kadi wanazouza mapokezi kwao. Jina langu halipo. Nilipouliza nikaambiwa ule msikiti sio wako.

kuchele_tu:
Waaaa hiyo ni dharau

Korosho Daraja la Kwanza:
Msikiti sio wake, mchoro ni wake. Dada sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo, kazi ya sanaa inalindwa toka ulipoichora. Nenda na mchoro wenyewe, na karatasi za majaribio kama unazo, hizo ndio ushahidi hakuna mwizi anakuwa na majaribio. Waandikie barua kwanza kistaarabu utaje malipo, nakala weka, wakikaa kimya peleka kwa watu wa hakimiliki.

Brashi Kavu:
Korosho leo umeongea la maana kuliko mimi. Dada penseli zote za mwanzo usizitupe hata siku moja.

Pweza Mkavu:
Sasa turudi sokoni. Huu mchoro bei gani

Brashi Kavu:
Laki mbili na nusu bila fremu.

kuchele_tu:
Laki mbili na nusu kwa maji na karatasi?? Tena nusu ya karatasi hujaipaka umesema mwenyewe 😂😂

Pweza Mkavu:
Nimekufa

Brashi Kavu:
Haya cheka, ila ile nusu ambayo sijaipaka ndio iliyonitoa jasho, huku kwingine mkono unajiendea.

kuchele_tu:
Kwani si ungetumia rangi za makopo zile za kung'aa, mbona Tingatinga alizitumia na michoro yake imeenda dunia nzima, na ni mtu wa kusini huyohuyo

Brashi Kavu:
Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, namvulia kofia. Alichukua rangi ya makopo na mbao za hadibodi, vitu alivyoweza kuvipata Dar miaka ile, akafungua njia, akafariki 1972 akaacha watu wanakula mpaka leo. Ile rangi ni nzito inafunika, kwa chui na ndege wake ilikuwa ndio yenyewe, rangi kali, mstari mnene. Ila nipe msikiti wa Kilwa kwa rangi ya kopo, nitakuletea ukuta mweupe uliopakwa rangi nyeupe, kama ule wa ofisi ya mtendaji. Huo mwanga wa saa nne hautoki kwenye kopo. Kila rangi na kazi yake.

ustaadh_wa_mtaa:
Mimi nimeuliza tu, hali ya msikiti wenyewe ikoje sasa hivi? Nilienda zamani nikiwa shule

Brashi Kavu:
Uko vizuri kuliko miaka ile. Pale kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia toka 1981, 2004 wakawekwa kwenye orodha ya vilivyo hatarini maana bahari ilikuwa inakula kingo na mvua na mizizi vinapasua kuta, kazi ikafanyika, 2014 wakaondolewa kwenye hiyo orodha. Kuta zimetiwa nguvu. Kwa mchoraji kuna kero moja, kiraka kipya kina rangi tofauti na cha zamani, kwa hiyo ukichora kwa uaminifu unachora na viraka. Nimevichora. Angalia kona ya kulia juu, ile sehemu ina ubaridi kidogo kuliko jirani yake, sio bahati mbaya.

Kwenda ni rahisi, kibali unalipia Masoko kabla hujavuka, alafu boti. Nenda asubuhi na mapema, beba kofia na maji.

Mwana Kivinje:
Na ukivuka usiishie msikitini. Tembea mpaka Husuni Kubwa ukaone ukubwa wa akili ya wale watu. Pale juu ya mwamba upepo hauishi.

Korosho Daraja la Kwanza:
Brashi mimi nimekaa nimefikiria. Sijabadilisha msimamo. Nataka msikiti mzima. Nichoree wa al-Hasan, wenye kuba kubwa, hakuna nyasi, hakuna tundu. Nalipa hiyohiyo laki mbili na nusu yako na fremu juu yangu. Naenda kuutundika sebuleni watoto wauone.

Pweza Mkavu:
Kimeumana

Brashi Kavu:
Nitakuchorea, kazi ni kazi. Ila masharti. Kuba nitalipima kutokana na yaliyobaki, sibuni umbo. Minara usiniombe, haikuwepo. Mazulia hutayaona maana nachora kutoka nje. Na kuta utazikuta karatasi tupu vilevile, tena safari hii nyingi zaidi kwa sababu lipu itakuwa nzima, kwa hiyo usije ukanambia sijamalizia.

Korosho Daraja la Kwanza:
Nakubali yote. Na kibla iwe kaskazini, ustaadh atakagua.

ustaadh_wa_mtaa:
Nitakagua in shaa Allah

Brashi Kavu:
Nusu ya hela kabla sijavuka.

Korosho Daraja la Kwanza:
Nusu utapata mnada wa korosho ukipita.

Brashi Kavu:
Mnada upi, wa kwanza au wa mwisho? Maana hizo bei zenu tunazijua.

Korosho Daraja la Kwanza:
Wa kwanza bwana. Nitumie namba ya simu inboksi.